«Saddle with»: nani alitutwika huu mzigo?

Mwaka jana niliandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza. Lilikuwa shirika moja lenye mradi wa mahindi karibu na Lubumbashi, na tangazo lilisema wazi: barua kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa. Kiingereza changu mnakijua, ni kile tunajifunza jioni kisha kazi, na kamusi mu simu. Nilitaka kusema kwamba kwenye staji yangu nilipewa kazi ya kusimamia wakulima 40. Kwa Kifaransa ni rahisi: nilikuwa «chargé de». Nikatafuta neno lenye uzito, juu niliona maneno madogo madogo hayafai mtu mwenye lisansi ya agronomia. Njo nikaandika: «I was saddled with the supervision of forty farmers». Nikajiona mimi sasa ni Shakespeare.

Siku ya mahojiano, mama mmoja wa upande wa Zambia alisoma ile sentensi, akanyanyua macho, akaniuliza polepole: «Kwa hiyo, hii kazi hukuitaka?» Nikasema hapana mama, niliitaka sana, niliipenda. Akasema: «Sasa mbona unailalamikia?» Wenzake wakacheka kidogo, bila ubaya. Kazi sikuipata. Sisemi ni juu ya ile sentensi. Hata maswali ya mbolea nilijibu vibaya. Lakini ile sentensi ndiyo nilirudi nayo nyumbani, na tangu ile siku imenipeleka mbali, mpaka mu historia ya jimbo letu.

Kwanza tumalize mambo ya lugha, ili asiwepo mwingine wa kuanguka pale nilianguka.

«Saddle» ni tandiko, kile kiti cha ngozi wanachofunga mgongoni mwa farasi ao punda. «To saddle someone with something» ni kumwekea mtu mzigo kama vile unavyomtandika mnyama. Ukisikia hilo neno, jua kuna mambo matatu ndani yake. Mzigo si wa kwako, umetoka kwa mwingine. Wewe hukuuchagua, na ungeweza kuukataa ungekwisha kuukataa. Na yule aliyekuwekea, mara nyingi, yeye anatembea mikono mitupu. Njo maana Waingereza wanalitumia zaidi kwa madeni, kwa matatizo, kwa kazi ambayo wengine wameikimbia. Mara nyingi linakuja kwa namna ya kutendwa: mtu «is saddled with», yaani katwikwa. Kama kazi umeipokea kwa moyo wako wanasema «take on», kujitwika. Kama umeaminiwa nayo wanasema «entrusted with», kukabidhiwa. Kifaransa chetu ndicho kinatudanganya hapa: «chargé de» haina uchungu. Waziri anaweza kuwa «chargé de» kitu na akafurahi. Aliye «saddled with» hafurahi.

Hapo njo nilianza kujiuliza: sisi kwa Kiswahili tunasema nini? Tunayo «kutandika» pia, lakini huku kwetu tunatandika kitanda, na mwalimu wa zamani alitutandika fimbo. Mzigo hatuutandiki. Mzigo tunautwika, tunaubeba, tunautua. Tena hayo maneno si ya Kiswahili peke yake. Ndugu zetu Wababemba wanasema «ukutwika», maana ni ile ile, kuweka mzigo kichwani. Ni neno la zamani sana mu lugha za Kibantu. Wala halina mnyama ndani yake. Lina kichwa cha mtu.

Kwa nini Mwingereza anawaza mgongo wa mnyama, na sisi tunawaza kichwa cha mtu? Hapa mniruhusu niongee kama mtu wa agronomia. Jibu ni nzi. Mbung'o, ule nzi wa tsetse, anabeba mu damu vijidudu vinavyoitwa tripanosoma. Kwa mtu vinaleta ugonjwa wa usingizi. Kwa ng'ombe, farasi na punda vinaleta nagana: mnyama anakonda, damu inapungua, anaanguka, anakufa. Sehemu kubwa ya misitu yetu ya miombo ilikuwa nchi ya huyo nzi. Ng'ombe walifaulu zaidi pale juu kwenye nyanda za baridi kama Biano, ambako baadaye wakoloni walifungua mashamba makubwa ya mifugo. Lakini kusafirisha vitu kwa mnyama kutoka bahari mpaka Katanga, mu njia yote ile? Haikuwezekana.

Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alijaribu. Mwaka 1879 watu wake waliteremsha tembo wanne kutoka India kwenye pwani karibu na Dar es Salaam, na wachungaji wao kutoka India, ili waone kama tembo anaweza kubeba mizigo mpaka ziwa Tanganyika. Safari ilikuwa ya kwenda Karema, ng'ambo ya ziwa ukiwa Moba. Wale tembo walikufa mmoja baada ya mwingine. Mimi kila nikifikiria ile hadithi ninacheka, kisha ninaacha kucheka, juu tembo walipokwisha, mizigo haikwisha. Ilirudi palepale ilipokuwa: kichwani mwa mtu.

Na huyo mtu alikuwa na jina, mpagazi. Neno linatoka kwa «kupagaa», kubeba begani. Pwani wana methali inayojulikana Afrika Mashariki yote: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Watu wanaisema leo kama mzaha, lakini ni historia kamili. Mu karne ya 19, Wanyamwezi ndio walikuwa mabingwa wa barabara kati ya Bagamoyo, Tabora na maziwa makubwa. Mzigo mmoja ulikuwa kama kilo 30: nguo, shanga, baruti, waya kwa kwenda, pembe za tembo kwa kurudi. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu wa kulipwa, walipatana bei, na wakidanganywa walitua mizigo wakakaa chini, msafara ukasimama. Mgomo, kabla neno mgomo halijajulikana kwetu.

Sasa mtu wa Katanga asidhani hiyo methali ni ya wengine. Msiri, mfalme wa Wayeke pale Bunkeya, alitoka kwa Wasumbwa, watu wa upande wa Unyamwezi. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Msiri akaja huku mu miaka ya 1850, akakaa, akatawala. Shaba yetu, ile ya misalaba, pamoja na chumvi na pembe, ilitoka Katanga juu ya vichwa na mabega ya watu, mingine kwenda bahari ya Hindi, mingine kwenda Benguela, Angola. Na tusiseme uongo kwa kupenda wazee wetu: mu ile misafara kulikuwa pia watumwa, waliobeba pembe leo na kuuzwa wao wenyewe kesho. Wa kutwikwa kwa nguvu walikuwepo kabla Mzungu hajafika.

Kisha akafika. Mwaka 1891 Léopold alimtuma Kapteni William Stairs, mtu wa Kanada, aje kuchukua Katanga kabla Waingereza hawajaichukua. Msafara wake uliondoka pwani na watu karibu 400. Wazungu ndani yake walikuwa wachache, mnaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walikuwa wapagazi na askari, wengi wao kutoka Zanzibar na pwani. Walifika Bunkeya mwezi wa Desemba, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akapigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ambaye naye aliuawa palepale. Hiyo tulifundishwa shuleni. Kitu ambacho hatukufundishwa ni njaa iliyofuata. Mvua, homa, chakula hakuna. Stairs mwenyewe alikufa na malaria mu 1892, njiani kurudi. Na kati ya wale karibu 400, waliorudi Zanzibar hawakufika 200. Jina la Stairs liko mu vitabu. La mpagazi hata mmoja mimi sijui, na nimetafuta.

Treni ilifika Elisabethville mwaka 1910, kutoka kusini kwa njia ya Rhodesia, na hapo njo mji wetu ulizaliwa kweli. Mtu angefikiri sasa kichwa kitapumzika. Vita ya kwanza ya dunia ikaja. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilipoenda kupigana na Wajerumani mpaka kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, nyuma ya askari kulikuwa wapagazi. Kwa vita yote ile upande wa Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000. Chakula, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, wagonjwa mu machela, vyote juu ya watu. Upande wa Waingereza walikuwa na kikosi chao cha wabebaji, «Carrier Corps», na watu wakalitamka kwa kinywa chao: ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Masoko mawili makubwa yanaitwa kwa jina la mzigo. Sisi huku hatuna hata soko la kuwakumbuka wa kwetu.

Nimekaa sana kwa wapagazi juu bila wao hatuwezi kuelewa maneno yetu. Muangalie tena «kutwika». Mzigo wa kilo 30 mtu hawezi kujitwika peke yake vizuri. Anahitaji mwenzake anyanyue upande mmoja. Mama anayetoka shamba na beseni la mihogo anamwambia anayepita: nitwike. Hapo kutwika ni msaada, ni adabu, hata hujui jina lake unamsaidia. Lakini mwanajeshi wa mwaka 1916 aliyeingia mu kijiji akafunga kamba wanaume kumi, naye «aliwatwika». Neno moja, tendo moja la mikono, lakini tofauti yote iko kwa swali moja tu: nani aliomba? «Saddle with» haina huo upande wa kwanza. Hakuna farasi aliyewahi kuomba tandiko.

Na kuna ngata, lile duara la kitambaa ao majani tunaloweka kati ya kichwa na mzigo. Tandiko analifunga mwenye farasi. Ngata anaikunja mwenye kubeba, kwa kipimo cha kichwa chake, kwa kipande cha kitenge chake. Mimi hiyo tofauti inanigusa. Sijui kama nyinyi pia.

Bon, tuje kwa madeni, pale Waingereza wanapenda sana hilo neno lao. Mfano mzuri kuliko wote wa «saddled with debt» ni sisi.

Mwaka 1908 Léopold aliachia Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Haikutoka bure. Kulikuwa na madeni ya ile dola yake, karibu franka milioni 110. Ubelgiji ikakubali tena kutoa milioni 45.5 kumalizia majengo yake ya kifahari kule kwao. Na juu ya hiyo, milioni 50 kwa mfalme mwenyewe, eti kama shukrani kwa kazi kubwa aliyoifanyia Kongo. Shukrani! Kwa mtu ambaye watu wake walikata mikono. Na hizo milioni 50 hazikutakiwa kutoka kwa mfuko wa mlipa kodi wa Ubelgiji. Zilipaswa kutoka Kongo yenyewe. Sheria ya koloni ya Oktoba 1908 ilitenga mfuko wa Kongo na mfuko wa Ubelgiji, na ikaweka kwamba riba ya deni la Kongo inabaki juu ya koloni. Kwa kifupi: walitukopea, wakajenga kwao, wakatuandikia deni, kisha tukamlipa aliyetukopea asante. Hapo neno la Kiingereza linakaa kwenye nafasi yake kabisa, kama tandiko lililopimwa.

Uhuru ulipofika mu 1960, habari ya nani alipe nini haikuisha. Ilichukua mpaka tarehe 6 Februari 1965 ndipo Moïse Tshombe, mwana wa Katanga, wakati ule waziri mkuu, aliweka mkono mu mkataba wa madeni na Paul-Henri Spaak wa Ubelgiji. Kisha Mobutu. Hapa tandiko tulijifunga wenyewe, ao tuseme mmoja wetu alitufunga. Mnajua zile nguzo kubwa za umeme zinazotoka Inga mpaka Kolwezi? Ni kama kilometa 1,700. Kazi ilianza mu miaka ya 1970, wakati shaba ilikuwa na bei, ikamalizika mu 1982, wakati bei ilikuwa imeanguka. Waya ule unapita juu ya vijiji na vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha koroboi. Ni moja ya miradi iliyoijaza Zaïre madeni. Mobutu alipoondoka mu 1997, nchi ilikuwa na deni la nje la zaidi ya dola miliardi 10. Mu Julai 2010 Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na wengine wakakubali kutufutia dola miliardi 12.3. Mimi wakati ule nilikuwa bado mtoto wa shule. Nakumbuka baba alisikia habari mu redio akasema: «Banatutua mzigo wenye hatukubeba kichwani, tulibeba mu tumbo.» Alikuwa anaongea juu ya mshahara wake.

Sasa nije kwa kitu ambacho kimenifanya niandike haya, na ambacho si cha Léopold wala cha Mobutu. Ni cha agronomia, kazi yangu.

Sheria ya mwaka 1917 iliweka mu Kongo kilimo cha lazima. Kila mwanamume wa kijiji alipaswa kulima mazao aliyopangiwa na serikali, pamba, mihogo, mahindi, mchele, kufuatana na jimbo, kwa siku mpaka 60 mu mwaka. Mu vita ya pili, 1942, zikapandishwa mpaka 120. Pamba ilinunuliwa na kampani iliyopewa eneo, kwa bei iliyopangwa bila mkulima. Asiyelima alilipa faini, aliingia gereza, ao fimbo. Na nani alikuwa anapima mashamba, anahesabu mistari, anaandika majina? Agronomu Mzungu, na chini yake moniteri Mwafrika, kijana aliyesoma kidogo, mwenye kofia na daftari. Yaani mimi. Nimezaliwa tu kwa kuchelewa.

Mu mafunzo yetu tulipita juu ya hiyo habari mu nusu saa. Tulifundishwa kwamba mkulima wa kwetu «hapokei mambo mapya kwa haraka». Kwenye staji, mu kijiji kimoja cha barabara ya Kasenga, nilisimama mbele ya watu na daftari langu, nikawaambia tuanze kupanda kwa mistari, sentimita 75 kwa 25. Mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe aliniuliza kwa heshima kabisa: «Baba, we ni wa kutufundisha ao wa kutulazimisha?» Nilidhani anacheka. Nikajibu haraka kwamba hakuna wa kulazimishwa. Akatikisa kichwa, akasema moniteri wa wakati wa baba yake naye alianza na kamba na mistari.

Ile njo ilikuwa kazi ambayo mimi niliiandika «saddled with», nikifikiri ninajisifu. Wakulima 40. Kama ni kwa maana halisi ya neno, waliotandikwa walikuwa wao, si mimi. Mimi nilikuwa na daftari.

Na najua wengi wenu mnaosoma hapa mna mzigo wenu pia. Siku ya kupokea diplome, mama yangu alilia, akanikumbatia, na kabla ya chakula kumalizika yaya wangu akasema: «We njo ulisoma, sasa ubebe ba wadogo.» Minervali ya watatu. Sikukasirika, mpaka leo sijakasirika. Yaya aliacha shule ili mimi niendelee, aliuza makala akisukuma kinga kutoka nje ya mji kabla jua halijatoka. Kwa Kiingereza ningesema nini? «Saddled with» hapana, ingekuwa kumtukana. «Take on» nayo haitoshi, juu sikuulizwa. Nimetafuta mu kamusi, sijapata neno la mtu ambaye alitwikwa na aliyembeba.

Barua nimeiandika upya, kwa kazi nyingine. Sasa inasema «I worked with forty farmers». Maneno madogo madogo.

Mwisho wa ile staji, siku ya kurudi mjini, nilikuwa nasubiri gari kando ya barabara. Mama mmoja wa wale 40 alikuja na mfuko wa mahindi, akaushusha karibu na mimi, akakunja kitenge chake kuwa ngata, akakiweka kichwani, akainama. «Agronomu, nitwike basi.» Nikaweka daftari chini, nikashika upande mmoja, yeye akashika mwingine. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri.